Aliyefuta Kanda ya Baba

Jumapili. Mawingu tangu asubuhi, joto la kuchemsha mtu, na mvua yenyewe haiji. Nimefua mashuka, nimepika wali wa nazi wa mtu mmoja na nikala nusu. Nyumba hii ya Chang'ombe ilikuwaga na watu tisa, tunagombania mpaka ndala za kwendea chooni. Sasa hivi ni mie na redio.

Jana nimeonana na Mudi.

Hamumjui, kwa hiyo ngoja nianzie mbali. Zamani mtaa wetu ulikuwa na kila kitu cha kumtoa mtoto ndani. Kulikuwa na baiskeli za kukodi za Mpemba mmoja mwembamba. Unapewa mizunguko mitatu ya uwanja, ukizidisha anakufukuza kandambili mkononi. Kulikuwa na kibanda cha video, tunachungulia kwenye matundu ya makuti mpaka tunamwagiwa maji. Wasichana wanacheza rede mbele ya nyumba ya Bi Mtumwa, sie tuko na gololi zetu kando ya mtaro. Pale penye rede leo pana ukuta na geti jeusi. Mwaka wa nne huu, na aliye ndani ya geti hilo simjui hata jina.

Ila mie, nikikumbuka mtaa, namkumbuka kwanza Mudi.

Mudi alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda. Unampelekea kanda tupu na orodha ya nyimbo zako, kesho unaifuata. Lakini kilichompa heshima mtaani hazikuwa nyimbo. Wenye ndugu zao Muscat na Unguja walikuwa hawapendi kuandika barua, walikuwa wanasema. Familia nzima inakaa kwenye benchi la Mudi, mmoja mmoja anatoa salamu zake kwenye maiki, mpaka bibi asiye na meno. Kanda inasafiri, na ya majibu inarudi. Watu wakamwachia Mudi awatunzie, maana majumbani watoto wanachezea. Kwenye rafu zake kulikuwa na harusi, maulidi, na sauti za watu waliokwisha kufa.

Baba naye alirekodi yake, ya kumpelekea baba mkubwa Muscat. Hakuwahi kuituma. Aliugua wiki ileile, na hakuinuka. Kanda ikabaki kwenye kabati la vyombo, imevunjwa vile vijino viwili vya juu ili mtu asiweze kurekodi tena.

Mtoto gani wa Temeke hakujua dawa ya vijino? Unatafuna kipande cha karatasi, unaziba matundu, kanda inakuwa mpya.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilitaka nyimbo za redioni na sikuwa na kanda. Nilijua maneno ya baba yamo upande mmoja tu, nikajisemea nitachukua ule mtupu. Nikakosea upande. Kuisikiliza kwanza ingenichukua dakika moja, na wallahi sikuisikiliza, kwa sababu niliogopa kuisikia sauti yake.

Siku chache baadaye mama akanituma niipeleke kwa Mudi aitolee kopi. Mwenyewe alikuwa ndani ya eda, hawezi kutoka. Mudi akaiweka kwenye mashine, na badala ya baba ukatoka muziki. Akaizima. Akachokonoa vile vitundu kwa sindano, kikatoka kipande cha karatasi chenye miraba, cha daftari langu la hesabu. Hakunifokea. Alisema tu, "Kamwambie mama mwenyewe, dogo. Usichelewe."

Nikaenda nyumbani nikamwambia mama kwamba Mudi kaifuta.

Eda ilikuwa imebakiza wiki tatu. Wiki tatu nzima nilizopewa za kusema kweli, na kila asubuhi mama alikuwa ananimiminia chai na kunipa andazi kubwa kuliko la dada, eti huyu mtoto kaumia. Nikala maandazi.

Siku alipotoka eda, safari yake ya kwanza ilikuwa kibandani. Watu wakajaa. Mudi akamwambia kwa adabu kabisa, "Muulize mwanao, mama." Lahaula! Mama akapandisha sauti: "Unamsingizia yatima? Yatima, Mudi?" Na nani atabishana na neno hilo? Mie nilikuwa nyuma ya mama, nimeshika ncha ya kanga yake.

Mwezi haukuisha. Watu walikuja mmoja mmoja kuchukua kanda zao, wengine bila hata kusalimia. Rafu zikabaki tupu, naye akafunga akahama. Vijana watawaambia biashara hiyo iliuliwa na sidii, kisha simu. Kwingine sijui. Kwetu niliiua mie.

Mama amefariki miaka mitatu nyuma, akiwa bado anaamini nilichomwambia. Msibani dada yangu Zuhura alilia akisema yule mwizi kamnyima hata sauti ya baba. Nilikuwa uani naosha vikombe vya kahawa. Nikaendelea kuosha.

Zuhura yuko Tanga. Ndiye mtu pekee niliyebaki naye, mke nilishaachana naye na watoto hatukujaliwa. Simpigii sana. Nikimpigia tunafika kwa baba, na tukifika kwa baba nasingizia chaji imeisha.

Sasa jana nimekwenda Tandika kutafuta chaja. Mezani amekaa mzee ana mvi na kompyuta chakavu, anawaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi. Nikamjua kabla hajainua uso. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanitazama, akasema, "Wewe mtoto wa Bi Hadija." Nikamwambia yote nimesimama palepale, watu wananipiga vikumbo, na muziki wa jirani yake unapiga kelele. Hakuacha kazi yake. Nilipomaliza akasema, "Hayo mie nayajua tangu siku ile. Kawaambie wasioyajua."

Nikamuomba radhi. Akasema amesikia. Kisha akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Nimelala vibaya. Leo kutwa najiuliza, wasioyajua ni akina nani? Mama yuko makaburini. Mtaa wote umeuza na kuhama, wa kwenye geti hawanijui mie wala Mudi. Kabaki Zuhura peke yake, na Zuhura ndiye siwezi kumkosa. Ningekuwa na ndugu watano ningeshasema zamani. Au najidanganya?

Nyie mnaosoma hapa mmeshajua. Kuwaambia nyie ni rahisi, hamna sura.

Nilipofika hapo nikaacha kuandika, nikapiga simu.

Alipokea hata salamu hakutoa. "Nani kafa?"

Nikamwambia hajafa mtu, dada, kaa chini. Nikamwambia Mudi hakuifuta ile kanda. Nikasikia bomba la maji linafungwa upande wa pili, nami nikaendelea mpaka mwisho: karatasi, eda, maandazi, kanga ya mama. Sikusingizia chaji.

Hakulia. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliuliza swali moja tu, Mudi anapatikana wapi siku hizi. Nikamwambia Tandika, meza ya pili ukitokea sokoni.

Akasema kesho anapanda basi la asubuhi, anakwenda kumuomba radhi kwa niaba ya mama. Nikamwambia nitakuja stendi kukupokea.

"Usije," akasema. "Njia naijua."