Besi ya Baba Yenu

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mdogo wenu kalala chumba cha pili, kwa hiyo sauti ya kompyuta isizidi ishirini. ~~Tena msiiguse kabisa.~~ Haya, iguseni, ila someni kwanza.

Asubuhi mlimwambia baba yenu kwamba kwenye wimbo wa bendi yake gitaa lake la besi halisikiki, eti alikuwa mbeba spika tu. Alicheka, lakini chai aliiacha nusu. Nikabaki najiuliza: mbona kwa mjomba, wakiufungulia wimbo huo kwa nguvu, linasikika? Nikakaa kuchokonoa. Kumbe sauti ikiwa ndogo, masikio yetu ndiyo yanayoiacha besi, yanabaki na mwimbaji. Nikaingia kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta, nikapandisha besi kidogo kidogo, na zile sauti nyembamba kiduchu. Ishirini ikabaki ishirini, na mtoto hata hakujigeuza.

Baba yenu siku zote husema alikosea mara moja tu, kabla ya kiitikio cha mwisho. Sikilizeni hapo. Kakosea kweli, masikini!

Akirudi, mwambieni mmelisikia kosa lake.

Mama yenu