Spika za Masikioni za Marehemu Mzee Said

Jumatatu, 3 Juni 1974
Gitaa la besi sijaligusa tangu msiba. Mwenye nyumba wangu, Bi. Zuhura, amefiwa na mumewe, yuko eda. Ukuta mmoja tu kati yetu. Siwezi kupiga muziki mjane akiwa ndani. Ukumbi wa bendi nao kila jioni una kisomo cha watu wazima. Jumamosi ya wiki ijayo kiongozi atatupima, mimi na jamaa aliyeshuka na treni kutoka Kigoma. Atabaki mmoja. Naogopa.

Jumatano, 5 Juni
Kumbe zipo spika za masikioni! Unapiga, unasikia peke yako. Nimefunga gitaa na amplifaya kwenye baiskeli hadi dukani kwa Kanji. Nimejaribu za kwanza. Nyepesi, zinang'aa. Nyuzi nyembamba safi kabisa. Uzi mnene: hakuna kitu. Nikaukung'uta kwa nguvu, nikapata nyuki ndani ya kopo. Nikizoea kukung'uta hivyo, jukwaani nitamfunika mwimbaji. Za pili nzito, tamu, zinashuka mpaka kwenye taya. Zimeshawekwa kwa ajili ya mteja mwingine. Kanji ananicheka, eti napima kama nanunua ng'ombe.

Alhamisi, 6 Juni
Salma, binti wa Bi. Zuhura, ameniletea za marehemu baba yake. Mzee Said alikuwa akisikilizia taarifa ya habari. Kubwa, zinabana kichwa. Ujumbe wa mama: upande wa kushoto umekufa, marehemu alilalamika miaka na miaka. Nikashukuru, moyoni nimenuna. Nusu spika!
Nimezivaa. Pande zote mbili zinalia. Uzi mnene umejaa kichwa kizima.

Jumamosi, 8 Juni
Vidole vinarudi. Lakini udadisi hauniachi. Nimefungua upande wa kushoto kwa bisibisi. Skrubu zina kutu, hazijawahi kuguswa. Hakuna waya uliokatika. Nikazivaa kinyume, kushoto kulia. Sawasawa tu.
Basi kilichokufa si spika. Ni sikio la mzee.
Nimwambie mama wa watu? Ninyamaze?

Jumamosi, 15 Juni
Nimebaki! Yule wa Kigoma ana kasi kuliko mimi, lakini anapiga kama anapasua kuni. Mimi uzi mnene niliugusa taratibu, mwimbaji akasikika. Kiongozi kanirushia shati la bendi bila neno.

Jumapili, 16 Juni
Nilikwenda kumshukuru Bi. Zuhura, nikasimama nje ya pazia. Shikamoo. Marahaba. Akauliza kama upande mmoja ulinitosha.
Nilishindwa kudanganya.
"Mama, pande zote mbili zinasikika."
  Kisha akasema, polepole, kwamba wakati wa kula yeye alikaa kushoto kwa mumewe. Kila siku, tangu aolewe. Anasema jambo, mume hajibu. Akaona ni dharau. Miaka ya mwisho akaacha kumsemesha.
 Salma akaniletea chai, nikainywa nimesimama.
Jioni Bi. Zuhura ametuma aletewe zile spika, kwa leo tu. Nimempa Salma. Sijafanya mazoezi.