Humu Mnalala Wangapi?

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako. Goti linaendeleaje? Natumai sasa unapanda ngazi bila kulalamika. Sisi wazima, ila naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Unakumbuka nilivyokusimulia moto wa jengo la jirani? Mwenye nyumba alilipwa na bima yake. Wapangaji waliambulia pole. Tangu hapo kila nikitazama vyerehani vyangu, naviona vikiungua. Nikamwambia shemeji yako nasi tukate bima ya vitu vyetu. Akanijibu bima ni ya matajiri, sisi tutakatia nini, masufuria? Nikamganda kama kupe mpaka akakubali.

Basi Jumamosi akaja wakala, mama mmoja mcheshi, tukambandika jina Bi Maswali. Hata hakuketi. Alitikisa mlango, akachungulia dirishani, akasema mtaa wetu una wezi na hilo linapandisha bei, ila kukaa ghorofa ya tatu na kuwa na mlango wa chuma kunaishusha. Halafu akanusa. Kumbe gereji ya chini wanachomelea vyuma kando ya mapipa ya rangi! Bei ikapaa tena. Akasema tukinunua kizimamoto atapunguza, na tukikubali kubeba wenyewe hasara ndogondogo, atapunguza zaidi. Shemeji yako, unamjua, akageuza chumba chetu soko: akadai punguzo eti kwa sababu mkewe ni mkali, mwizi gani atathubutu? Bi Maswali alicheka mpaka akaangukia jora la kitambaa.

Alipopata pumzi akauliza humu tunalala wangapi. Shemeji yako akajibu, "Wawili."

Dada, sijui ulimi uliteleza vipi. Nikasema, "Watatu."

Shemeji yako akainama kutazama chini ya kitanda! Kisha akanitazama mimi, macho yakashuka taratibu mpaka tumboni, yakabaki hapo. Aliyepiga kigelegele kwanza ni Bi Maswali.

Ndiyo, dada. Baada ya miaka yote ile ya kufutana machozi, nina mimba. Nilimficha mume wangu kwa woga, maana huko nyuma kila nilipotangaza, niliishia kuomboleza. Safari hii imevuka pale zilipokuwa zikiharibikia, na mkunga amenisikilizisha mapigo ya moyo. Yanakimbia, dada, kama cherehani! Nilitaka uwe wa kwanza kujua, lakini mtu wa bima amekutangulia. Nisamehe.

Shemeji yako hakubishania bei tena. Hivi ninavyoandika yuko dirishani na futi, anapima nondo za kumzuia mtoto asianguke. Na mtoto mwenyewe bado hajafika ukubwa wa embe.

Wabusu wanangu wote wa hapo kwako. Mama usimwambie, njoo, tukamwambie pamoja nimwone uso wake.

Ni mimi,
kitindamimba wenu, sasa mwenye mimba.