Harambee ya Vidole

Majengo,
Nyeri.
14 Julai 2025

Mpendwa dadangu Salwa,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Doha halijakukausha kama omena. Huku ni baridi ya Julai. Mlima hatujauona wiki ya pili, na Mama habanduki kwenye jiko la makaa. Mimi ni mzima, ila magoti yameanza kulalamika na kipara kinaendelea vizuri.

Usishangae kuona karatasi. Nimempa shemeji Abdulkadir akuletee kwa mkono kwa sababu wewe hujui kujibu kwa maandishi. Unatuma sauti, na sauti yako ikifunguliwa hapa inafika msikitini. Hili sitaki Mama alisikie.

Unakumbuka ile app yangu ya bei za soko. Mtu afungue simu aone nyanya ni ngapi leo Kutus, maharagwe Kerugoya, ndizi Kenol, kabla hajapakia gari. Miaka miwili nimeijenga kibandani, huku nikiuza kava na chaja za simu. Nilidhani watu watalipa shilingi kumi kwa wiki. Mutahi wa viazi alinicheka mbele ya wateja: "Harun, ati nilipe kumi nijue bei ya Kutus, na niko na namba ya Watiri?" Na huyo Watiri, muuza nyanya, ndiye anayenipa mimi hizo bei!

Basi nikaingiza matangazo. Watu elfu moja wakiyaona, unapata kitu kama bei ya chai na mandazi. Tena huchagui kinachotangazwa. Imamu alifungua atazame bei ya vitunguu, akakuta kamari inamkaribisha. Ijumaa hiyo niliswali safu ya nyuma kabisa. Nikayafunga ya kamari, mapato yakashuka nusu.

Hata hivyo, polepole, nikafika dola tisini na sita. Kampuni ya matangazo hailipi mpaka zitimie mia. Na hizo mia, unajua, zilikuwa miwani ya Mama. Ameshapimwa macho, karatasi ya daktari iko kabatini tangu Machi.

Sasa hapa ndipo unapoingia wewe, na usikasirike. Ulipotuma sauti kwenye kikundi cha ukoo, "Jamani, Kaka amebakisha dola nne, kila mtu abonyeze matangazo mara ishirini kwa siku," ulifanya vile tulivyolelewa. Mtu akikwama, tunachanga. Safari hii tulichanga vidole. Shangazi Chiku alibonyeza akisonga ugali. Jirani yetu Ogutu, yule polisi, alibonyeza zamu nzima. "Harun," akaniambia, "leo sijashika mtu, nimeshika simu tu." Nami nilicheka, sikuwazuia. Masharti ya kampuni niliyakubali bila kuyasoma, kwa hivyo kosa ni langu kwanza.

Siku ya tatu akaunti ikafungwa. Mashine yao iliona watu wale wale wakibonyeza bila kununua chochote, ikasema ni udanganyifu. Niliwaandikia ukurasa mzima kuwaeleza harambee ni nini. Jibu lilikuja baada ya dakika nne: hapana. Dola zote zimekwenda. Sina hasira, dadangu. Nimechoka tu, kama mtu aliyeteka maji kwa kikapu cha kiondo.

Lakini hilo ningelimeza. Lililonishinda ni Mama. Hajui. Kila asubuhi baada ya kuswali huleta simu karibu na pua, anabonyeza pale chini mara ishirini huku anahesabu kwa tasbihi, kisha ananiambia, "Yako nimekufanyia, Harun." Haoni kwamba pale hapana tangazo tena, ni weupe mtupu.

Wiki iliyopita sikuvumilia. Nikaweka pale picha ya nyanya, kubwa, nyekundu, ili kidole chake kipate pa kutua. Ukiibonyeza yanatokea maandishi: "Asante, Mama." Yeye hawezi kuyasoma. Watiri amenipigia kutoka Kutus akiuliza kwa nini simu inamwita mama, na yeye hata mume hajapata.

Miwani nitainunua kwa kava na chaja, Mungu akipenda kabla ya Oktoba. Ninachokuomba ni kimoja: usimwambie Mama, wala usiombe msamaha kwenye kikundi. Habari ya akaunti nitampa mwenyewe, lakini si sasa. Siku atakapovaa miwani nataka kitu cha kwanza atakachosoma kiwe ile nyanya.

Mke wangu Nadhira na watoto wanakusalimu sana. Shangazi Chiku anauliza utaolewa lini. Mimi nimefikisha tu. Ogutu anasema kidole bado kinamuuma. Mungu akutunze huko ugenini, na akurudishe tukiwa bado tunatambuana.

Nduguyo akupendaye, asiyekudai hata kidole,

Harun