Baraka Yako Iko Kwangu

Shituru, Likasi
Jumatano, 9 Aprili 1969

Kwako Yaya Adrien, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Natumaini Kolwezi mnaamka vema. Huku kikohozi cha baba kimepungua. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hapana, na sababu utaisoma.

Kwanza nakushukuru. Miguu ya baba ilipokataa kazi, uliniomba niache cherehani yangu sokoni nimtunze, ukaahidi kunilipa kila mwezi. Hujakosa hata mara moja. Nasoro, dereva wa lori, huniletea bahasha pamoja na salamu zako kwa baba. Baba anakula vizuri, ingawa unamjua, kila siku bukari ninayomsongea ni laini mno kwake.

Sasa sikia. Siku za mwanzo, jirani yetu mama Berthe alitusimulia habari za binti anayelipwa na kaka zake kwa kumtunza mama yao. Baba alikasirika, akasema anayelipwa kumwosha mzazi wake ni boyi wa nyumba, si mtoto. Niliogopa angeikataa mikono yangu, nikauficha mshahara. Alipouliza chakula chatoka wapi, nikasema bado nawashonea watu nguo. Hata salamu zako nilizimeza, maana zingezaa maswali. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliitembea msimu mzima wa mvua.

Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, baba aliwaita baba mdogo Firmin na majirani. Akachukua pemba, udongo mweupe wa baraka uliokuwa haki yako wewe mtoto wa kwanza, akanipaka mimi usoni na mikononi. Akasema, “Adrien alisha kunisahau. Baraka yake ninamupatia Martine, ananichunga bila makuta, bila malipo.”

Nilinyamaza. Na kibaya zaidi, yaya, nilifurahi. Mama Berthe alinisifu mbele ya watu wote, nami sikunawa uso mpaka jioni.

Jumatatu nilishindwa kumtazama. Nilipiga magoti nikamwambia yote: kwamba ndiwe unayemlisha, kwamba umemsalimu kila mwezi, kwamba mimi nalipwa. Nilitegemea laana. Hakunilaani. Alilisukuma kando beseni la maji nililomletea aoge. Akasema, “Adrien akuye hapa yeye mwenyewe aninawishe.”

Mpaka leo hajaoga. Baba mdogo Firmin alijaribu, akafukuzwa. Anakubali chakula tu, tena kutoka kwa mama Berthe. Amevaa shati lile lile la Pasaka, amekaa mlangoni, na kila lori likipita barabarani anafunga vizuri vifungo vyake.

Nasoro anaondoka kesho na barua hii. Omba ruhusa kazini, urudi naye. Nitawaita watu wale wale, niyaseme mbele yao. Bahasha usilete.

Wifi na watoto wapokee salamu zangu. Nawe ukiweza, nisamehe.

Mdogo wako,
Martine