Mayai ya Santa Clara

Sevilla, tarehe 3 Juni

Kaka yangu mpendwa Crispín,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Bilbao, na kwamba goti lako limepoa. Sisi tu wazima, ila joto linatutesa. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na ulimi wake ni ule ule.

Alhamisi iliyopita aliniomba nimpeleke Carmona, tushinde huko, turudi jioni. Nilifurahi, maana tangu Baba atutoke hapendi kutoka. Lakini asubuhi nikamkuta mlangoni amevaa viatu vya kanisani, amepakata trei ya mayai. Wewe unajua mayai hupelekwa kwa masista wa Santa Clara kwa ajili gani: wamwombe Mungu mvua isinyeshe siku ya harusi. Nikajisemea, mama huyu ameshanipangia siku na yule Leandro wa duka la dawa, hata kuniuliza hajaniuliza.

Basi nilinuna njia nzima. Tuliacha gari chini, tukaingia mjini kwa lile lango la kale, Lango la Sevilla, tukaanza kupanda, yeye na mayai yake mbele, mimi nyuma. Nikamwambia siolewi, na hata ningetaka kuolewa, si na mwanamume anayepanga soksi zake kwa rangi. Akanijibu bila kugeuka kwamba nisijisumbue, Leandro mwenyewe hanitaki, kasema nina kelele. Hapo nilichukia zaidi. Mimi simtaki, sawa, lakini yeye anikatae ana nini?

Tulikula mchicha na dengu pale kwenye uwanja wa katikati ya mji. Mama hakumaliza sahani. Nikadhani ni uchovu wa mlima.

Kwa masista unalikumbuka lile kabati la mbao linalozunguka ukutani, unaongea na sista bila kumwona. Mama akaweka mayai, akalizungusha. Sauti ya bibi mmoja mchangamfu ikauliza harusi ni lini. Mama akasema Jumamosi ya pili ya Oktoba. Ikauliza jina la bibi harusi, wamtaje kwenye sala. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikatae, Mama akasema, "Visitación Arnedo."

Sista akasifu jina, akauliza binti ana umri gani.

"Sitini na tisa, Sista. Ni mimi mwenyewe."

Ndiyo hivyo, kaka. Anaolewa na mzee Eladio, fundi saa, yule anayecheza naye karata kila Jumapili. Nililia pale pale, sikufichi, maana nilimkumbuka Baba nikaona kama tunamzika tena. Kisha nikamtazama Mama. Alikuwa ameshikilia ukuta, anasubiri nimkaripie. Sikuweza, nikambusu.

Sista, ambaye hakujua lolote, akauliza nani atamsindikiza mpaka altareni. Mama akajibu papo hapo: mwanangu Crispín, atakuja kutoka Bilbao.

Tulipokuwa tunateremka ndipo akaniambia kwamba hujui chochote. Kila unapopiga simu anataka kukwambia, wewe ukimtaja Baba tu, anaanza kuuliza habari za mvua ya huko. Anaogopa utakasirika usimpigie tena. Amenikataza nisikuandikie, na mimi nimekuandikia.

Nilimuuliza itakuwaje ukikataa. Akasema ataingia kanisani peke yake, ila atatembea taratibu sana, ili kama umechelewa tu, umkute bado yuko njiani.

Mpe wifi mkono wangu, na watoto uwabusu wote.

Ni mimi dada yako,
Casilda