Blanketi la Kwenda Mafia

Iringa, Jumatano, Julai 1956

Na bado analikunja lile blanketi! Nimelitoa sandukuni mara mbili, na mara mbili mke wangu kalirudisha bila kunijibu.

Basi la Dodoma linaondoka kesho alfajiri, kisha treni, kisha meli mpaka Mafia. Sanduku ni moja tu. Chandarua kimo, vidonge vya malaria vimo, maana sisi tuliozaliwa huku juu mbu wa kule hawatatuhurumia. Unga wa ulezi wa kumpelekea shangazi kule nao umo. Sasa blanketi zito la nini? Nimemfokea mbele ya watoto: "Mafia ni joto, Mama Zuhura! Watu watanicheka."

Na hilo ndilo linaloniuma hasa, nakiri. Baba alizaliwa kule, mimi hata bahari sijaiona. Nikishuka melini na blanketi, watasema amekuja mtu wa bara.

Akaniwekea chai, akasema taratibu, "Baba Zuhura, si lako. Ni lile la marehemu baba. Kila barua shangazi yako anauliza, huko kwenye baridi ndugu yake alijifunika nini. Mpelekee alishike mwenyewe."

Barua hizo mimi ndiye ninayezisoma kwa sauti hapa nyumbani, na kila mara nimemwandikia shangazi kwamba baba hakupata shida yoyote. Nilidhani nimemjibu.

Nimelitoa sandukuni koti langu la Idi. Sanduku likafungika.